Rafu ya Akina Bukuru

Vitabu vinane vya akina Bukuru viliingia nyumbani kwangu Kasingirima, Ujiji, ndani ya boksi lililofungwa kwa kamba ya nyavu, na vilinuka dagaa. Aliyevileta alikuwa mwanamke wa makamo, kanga kiunoni, mikono imejaa mikwaruzo midogo ya watu wanaoanika na kuanua dagaa tangu alfajiri. Aliliweka boksi juu ya meza ya chakula, akakataa kiti, akakataa chai, akasema, "Shikamoo, mama. Mimi ni Spesioza wa Mwalimu Bukuru. Baba amefariki. Tumemzika Jumamosi iliyopita, kulekule Katonga. Alisema vitabu vije kwako, maana wewe ndiye unayejua namna ya kuvipanga." Niliitikia marahaba kwa sauti ambayo sikuitambua. Nina ugonjwa wa kupanga kila kitu, hata msiba, kwa hiyo nilijikuta nikiyaweka mambo katika mstari: kwamba Bukuru amekufa, kwamba miaka yote hii alikuwa akiishi Katonga, mahali ambapo ningeweza kufika kwa miguu kabla ya chai ya saa nne, na kwamba binti huyu, ambaye alipokuwa na miaka kumi na miwili aliniita shangazi, sasa ameniita mama, kama anavyomwita mteja yeyote anayesimama mbele ya meza yake sokoni.

Inanipasa kwanza kulieleza jina, kwa sababu kila kilichoharibika kiliharibikia hapo. Huku kwetu, kwa Waha na kwa Warundi vilevile, mapacha hawachaguliwi majina. Anayetangulia ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi, wawe wa kike au wa kiume, wa kanisani au wa msikitini. Jina hilo halitaji ukoo, wala baba, wala kijiji. Linasema tu kwamba mama fulani, mahali fulani, alijifungua mara mbili kwa siku moja. Ukisimama gatini ukaita Bukuru, watageuka watu watano wasiojuana. Mimi ni Butoyi. Ya nyumbani kwetu nayaacha; inatosha msomaji ajue jina langu, maana mtu aliyezaliwa nalo hakuwa na udhuru wowote wa kutoelewa lile la mwenzake.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule ambao kambi za wakimbizi zilifurika hata maturubai yakaonekana, ukiyatazama kutoka kilimani, kama maji yaliyotuama bondeni. Nilikuwa nimemaliza masomo ya darasani ya shahada ya uzamili katika ukutubi, nimebakiza utafiti, na shirika moja la misaada lilinipa kazi ya kupanga maktaba ya kambi mojawapo huko juu, upande wa Kasulu, nami kwa malipo hayo ningekusanya data za tasnifu yangu. Kila Jumatatu nilipanda gari la shirika mjini Kigoma. Kidahwe, penye kizuizi, tulisimama, vibali vikatazamwa, kisha barabara ikapanda kwenye udongo mwekundu, hewa ikapoa, nami nikafungua daftari langu kana kwamba ninakokwenda ni chumba cha mtihani. Maktaba ilikuwa chumba kimoja cha matofali mabichi chenye madirisha mawili yasiyo na vioo, na paa la turubai ambalo upepo ukilipiga wasomaji walikandamiza kurasa kwa viwiko. Rafu zilikuwa mbao za makreti zilizolazwa juu ya madebe ya mafuta ya msaada yaliyojazwa mchanga. Vitabu vilikuwa vimefika kwa magunia: kutoka parokia zilizofungwa, kutoka shule zilizohamwa, na vingine kutoka mizigo ya watu ambao hawakuwahi kuja kuidai.

Mlezi wa chumba hicho alikuwa Mwalimu Bukuru, mkimbizi wa miaka arobaini hivi, mjane, mwenye kalamu mbili katika mfuko wa shati, moja ikiwa haina wino. Nilipomuuliza ya nini hiyo isiyoandika, alisema, "Hiyo ni ya wanaoazima. Ile nzuri haitoki mfukoni." Akaniuliza jina. Nikamwambia. Akauliza, "Butoyi wa Bukuru gani?"

"Wa Ujiji, Mwalimu."

"Wangu mimi alibaki njiani, kabla hatujavuka mto Malagarasi." Alisema hivyo huku akipangusa kitabu kwa kiwiko cha shati, bila kuinua macho. "Basi nafasi iko wazi, mdogo wangu. Kazi yake haikuwa kubwa. Alikuwa akinipinga tu."

Tangu siku ile aliniita mdogo wangu, nami baada ya wiki chache nikaacha kusema Mwalimu, nikasema kaka. Spesioza, binti yake wa pekee, alitoa hesabu yake mwenyewe: kama mimi ni mdogo wa baba yake, basi mimi ni shangazi. Hakuna aliyemwagiza. Alikuwa mtoto mkimya, mwenye tabia ya kusoma kitabu kuanzia ukurasa wa mwisho ili ajue kama kinastahili kuanzwa.

Sasa niseme kosa. Chuoni nilifundishwa kanuni ambayo msimamizi wangu alikuwa akiirudia kama sala: jina moja, kadi moja, mpaka ushahidi uonyeshe vinginevyo. Katika mwezi wa kwanza niliorodhesha vitabu vyote vya kambi ile kwa mashine ya kuchapa, usiku na mchana kichwani mwangu nikiwa bado chuoni, na nilipofika kwenye herufi B nilikuta vitabu vinane ambavyo majalada yake yalibeba jina Bukuru. Kimoja kilihusu ufugaji wa nyuki. Kimoja kilikuwa mwongozo wa wakunga. Kimoja kilifafanua Injili kwa makatekista. Kulikuwa na mashairi ya mwanamke wa Ujiji, yenye dua mwanzoni na dua mwishoni. Kitabu cha samaki wa Ziwa, chenye picha ya mgebuka iliyochorwa na mtu aliyewahi kumla. Na hadithi ya upelelezi ambayo jalada lake la nyuma lilikuwa limeng'oka pamoja na ukurasa unaomtaja muuaji. Cha saba kilikuwa kijitabu cha hesabu cha darasa la tatu. Cha nane kilikuwa chembamba, cha kijani, kilichoandikwa kwa hasira na kwa ufasaha, na kiliwataka wasomaji wake wawatende majirani zao mambo ambayo sitayarudia hapa. Hiki cha nane na kile cha hesabu havikuwa na jina la ubatizo wala herufi ya kwanza. Vilisema Bukuru, basi. Nikaandika kadi moja: Bukuru, na chini yake mada nane. Orodha nzima ilichapwa katika nakala mbili. Moja ilibaki kwetu. Nyingine shirika liliipeleka kwenye ofisi ya kambi, kama ilivyotakiwa.

Yaani mimi, ambaye kwa jina langu tu nilijua kwamba Bukuru ni wengi kama kokoto za ufukweni, niliwafanya kuwa mtu mmoja. Nililijua kwa kuzaliwa nikalisahau kwa kusoma. Nimetafuta kwa miaka mingi neno la heshima la kuitia aibu hii, na sijalipata.

Wiki iliyofuata Mwalimu aliichomoa kadi ile, akaisoma amesimama mlangoni penye mwanga.

"Mdogo wangu, huyu Bukuru wako ni mtu wa ajabu. Asubuhi anafuga nyuki, mchana anazalisha wanawake, alasiri anasoma dua Ujiji, Jumapili anafafanua Injili. Analala saa ngapi?"

Niliona haya. Nikamwambia nitaandika kadi mpya nane.

"Ziandike. Lakini vitabu viache pamoja."

"Haiwezekani, kaka. Nyuki ni kilimo, mashairi ni fasihi, ukunga ni tiba. Kila kimoja kina mahali pake."

"Mimi nimeishi kambini miaka miwili na kila mtu ananipangia mahali pangu," alisema. "Nina rafu moja tu ninayoitaka. Hawa hawana ukoo, hawana kabila moja, hawana dini moja. Wanachoshiriki ni mama zao kuchoka mara mbili kwa siku moja. Waache wakae pamoja."

Ndipo nikamfundisha kadi za rejea. Nilimweleza kwamba kitabu kinaweza kukaa mahali pamoja na kadi yake ikamwelekeza msomaji kwingine: unaandika jina, kisha unaandika "Tazama pia", kisha jina la pili. Alifurahishwa na jambo hilo kuliko nilivyotarajia. Kwa siku kadhaa aliandika kadi za rejea za kila kitu. Ukitafuta Chumvi, uliambiwa tazama pia Mgawo. Ukitafuta Mvua, tazama pia Turubai. Wasomaji walikuja kucheka kwenye sanduku la kadi kabla ya kugusa kitabu chochote. Ile rafu nilimwachia. Ilikuwa rafu ya chini, karibu na dirisha, na ilipewa jina na vijana wasomaji: kwa akina Bukuru.

Chakula cha mchana nilikula kwake. Sheria za shirika hazikukataza, wala hazikuruhusu, na mimi wakati ule nilikuwa bado na ujasiri wa mambo madogo. Nyumba ilikuwa ya udongo, yenye chumba cha mbele chenye kigoda, mkeka, na meza aliyoitengeneza kwa mlango wa nyumba nyingine. Spesioza alisonga ugali wa mahindi ya mgawo na kupika maharage kwa mawese niliyokuwa nikiyaleta kutoka Ujiji kwenye chupa. Kila Jumatatu aliinua chupa ile kwenye mwanga kuangalia rangi kabla ya kunisalimia vizuri. Ukuta wa turubai uliotutenga na majirani haukuzuia neno hata moja. Upande wa pili aliishi mama mmoja mnene wa maneno ambaye wageni wake wote walizungumzia jambo moja: nani ameitwa mahojiano, nani amepita, nani atapelekwa nchi za mbali. "Bukuru akipita," nilimsikia akisema siku moja, akijua fika kwamba tunasikia, "atuachie vile vitabu tupikie. Maharage haya ni magumu, labda yakipikwa kwa akili yataiva." Mwalimu akajibu bila kupaza sauti, huku akimega tonge, "Anza na kile cha nyuki, mama. Kina nta." Wakacheka pande zote mbili za turubai.

Lakini lilikuwa jambo zito, na kila mtu kwenye mkeka ule alijua. Kambini shule iliishia chini ya pale Spesioza alipokuwa anafika. Mwalimu alikuwa amemfundisha yote aliyokuwa nayo, na alikuwa akiona, kwa macho ya mwalimu, mtoto akimaliza kisima. Jina lao lilikuwa limeingia kwenye orodha ya wanaofikiriwa kupelekwa huko mbali. Alikuwa amefanyiwa mahojiano mawili. Yalibaki ya tatu. "Mimi hata wakinipeleka nikafagie," aliniambia, "nitafagia karibu na shule yake."

Ni mimi niliyemwambia akitoe kile kijitabu cha kijani. Nilisema, kaka, hiki kitoe, kichome, au nipe nikizike ofisini mwangu. Alikuwa akibandika mgongo wa kitabu cha samaki kwa uji wa muhogo, na hakuacha kubandika.

"Nikikitoa hiki peke yake, mtu ataniuliza kwa nini. Nitasema kina jina langu. Atasema, kumbe ni chako?"

"Hakuna atakayeuliza."

"Huyu aliyeandika alikuwa na mama kama mimi, na pacha kama mimi. Alichokifanya na kalamu ni shauri lake. Kikae palepale. Watoto wakubwa wakisome waone mtu mwenye jina zuri anaweza kuandika nini." Kisha akaongeza, "Oya, hapana, mdogo wangu. Usinifundishe kujificha kwenye chumba changu mwenyewe."

Nilikuwa nimeshaandika zile kadi mpya. Jambo ambalo sikuwa nimelifanya ni kupeleka marekebisho ya ile orodha ofisini. Nililikumbuka kila siku, na kila siku nililiahirisha kwa sababu iliyoonekana ya kitaalamu kabisa: vitabu sita niliweza kuvitenganisha kwa majina ya kwanza na mahali pa kuchapwa, lakini viwili vilibaki bila ushahidi. Nilitaka nipeleke marekebisho yaliyokamilika. Kwa hiyo niliwaandikia wapiga chapa barua, moja moja, nikakaa kungoja majibu. Mwalimu mwenyewe alikuwa ameniambia kwamba kile cha hesabu ni chake, alikiandika akiwa kijana, shule ikakichapa kwa gharama ya maandazi ya sherehe. Niliandika maelezo hayo pembeni ya daftari, na mbele yake nikaweka alama ya kuuliza, kwa kuwa yalikuwa maelezo ya mdomo.

Niliitwa asubuhi ya siku ya Alhamisi. Ofisi iliyokuwa ikihoji watu ilikuwa na feni, viti vya plastiki vyeupe, na jagi la maji lililofunikwa kitambaa. Mwanamke mgeni, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyechoka kusikia mabaya, alikuwa na orodha yangu mezani. Niliitambua kwa herufi ya mashine yangu iliyokuwa ikiruka. Alikuwa amepiga mstari wa penseli chini ya jina Bukuru. Kando yake kulikuwa na vitabu viwili vilivyoletwa kutoka rafu ya dirishani: cha hesabu na cha kijani.

Aliniuliza kama orodha ile ni yangu. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama mwandishi wa kitabu hiki ndiye mwandishi wa hiki. Akaniambia bila kuficha kwamba faili la mwombaji linategemea jibu hilo.

Nilijua jibu. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu watu wengi walionipenda wamejaribu kunisaidia kwa kusema kwamba sikujua. Nilikuwa nimekula maharage ya mtu yule kwa miezi saba. Nilikuwa nimemwona akimpokonya kijana kitabu ili akanawe mikono kwanza. Nilijua pia lile jambo rahisi ambalo mtoto yeyote wa Ujiji angelisema akiruka kamba: akina Bukuru ni wengi, mama, huyu siye. Na nilijua jambo la tatu, kwamba kibali changu cha utafiti kilikuwa kinaisha mwezi ule na kingepita kwenye jengo lilelile. Sisemi kwamba hilo ndilo lililonifunga mdomo. Sisemi kwamba silo. Nilifungua mdomo nikasema sentensi ambayo nimeikariri kuliko sala yoyote: "Kwa desturi za huku jina hili ni la watu wengi, na inaelekea hawa ni waandishi wawili tofauti, hata hivyo, kwa ushahidi nilio nao hadi sasa, siwezi kuthibitisha."

Kalamu yake haikusogea katika nusu ya kwanza. Ilianza kuandika nilipofika kwenye hata hivyo.

Barua ilikuja baada ya wiki tano. Ilikuwa kwa Kiingereza, ukurasa mmoja, na Mwalimu aliileta maktaba ili nimsomee, kwa sababu Kifaransa chake kilikuwa kizuri lakini Kiingereza alikijua cha salamu tu. Spesioza alikuwa mezani akinakili ramani. Mwalimu hakukaa. Alisimama na kalamu zake mbili, kama mtu aliyeitwa mbele ya darasa. Nilianza kutafsiri. Nilisema ombi limefikiriwa kwa makini. Nilisema limekataliwa. Nilisema sababu ni mashaka kuhusu maandishi fulani yenye jina la mwombaji. Kisha nikafika kwenye sentensi iliyosema kwamba mkutubi wa kambi, ambaye mwenyewe ndiye aliyeandaa orodha, alipoulizwa hakuweza kuthibitisha kwamba mwombaji siye mwandishi wa maandishi hayo. Macho yangu yaliisoma yote. Mdomo wangu ukaenda kwenye sentensi iliyofuata, ile ya kumtakia heri.

Aliikunja barua mara nne. "Ahsante, mdogo wangu," alisema. "Umesoma vizuri." Spesioza aliuliza kama sasa aendelee na ramani au aache. Baba yake alimwambia mtu akianza mto aufikishe ziwani.

Kibali changu kiliongezwa. Nilirudi chuoni kabla ya mvua. Huko ndiko jibu la mpiga chapa mmoja liliponikuta, likiwa limezunguka kwenye posta miezi minne: mwandishi wa kijitabu cha kijani walimfahamu vizuri, alikuwa mtu wa mjini, na alikwishafariki kabla kambi ile haijafunguliwa. Nilituma nakala kwenye ofisi ile kwa posta ya kawaida. Sikufuatilia. Ugunduzi wenyewe niliuweka katika tasnifu yangu, sura ya nne, kama tanbihi, kuonyesha hatari ya kutumia kanuni ya kadi moja mahali ambapo majina hutolewa kwa mpangilio wa kuzaliwa. Wasahihishaji waliisifu sehemu hiyo. Mmoja alisema ni mchango mpya. Nimeishi kwa mchango huo: nimepata nao kazi, na nyumba hii, na meza hii ambayo juu yake boksi lilikuwa sasa likidondosha mchanga.

Spesioza ndiye aliyenieleza yaliyofuata, akiwa bado amesimama. Walitoka kambini miaka miwili baada ya barua, bila kibali, wakateremka hadi ziwani. Katonga walimpokea baba yake bila maswali. Alisema anaitwa Bukuru, na mchuuzi mmoja akamuuliza tu ni wa kijiji gani, wa Kalinzi au wa Manyovu? Kiha chake kilikuwa Kirundi kilichonyolewa, lakini nani angepima? "Jina lililomnyima ndege," Spesioza alisema, "lilimpa banda la dagaa." Alibeba vikapu, kisha akaandikia wavuvi barua, kisha akafundisha watoto wao hesabu kwa kijitabu chake mwenyewe. Na mimi nilikuwa nikienda Katonga kununua migebuka Jumamosi kwa Jumamosi. Mara ngapi nilisikia mtu akiita Bukuru nyuma yangu, kati ya mitumbwi na mizani? Sikugeuka hata mara moja. Jina hilo huku huitwa kutwa nzima.

Nilianza kuvitoa vitabu kwenye boksi kwa sababu mikono ilitaka kazi. Kile cha nyuki. Kile cha wakunga. Vyote vilikuwa vimebandikwa upya. Kile cha kijani kilikuwepo, katikati, hakikufichwa. Nilipofungua cha hesabu ilianguka kadi ya maktaba, ya ukubwa uleule niliokuwa nikiukata kwa mkasi kutoka maboksi ya biskuti za msaada. Ilikuwa na mwandiko wake: "Bukuru. Tazama pia: Butoyi."

Niliigeuza. Nyuma hapakuwa na kitu. Niliisogeza dirishani nikautazama wino, kama umepauka kiasi gani. Nikauliza, "Aliiandika lini? Kabla ya barua au baada yake?"

"Unataka ushahidi tena," Spesioza alisema.

Hapo ndipo alipokaa. Alitoa kwenye pindo la kanga karatasi iliyokunjwa mara nne, iliyolainika kama kitambaa, akaiweka juu ya meza. "Nilijifunza Kiingereza palepale kambini, kwa vitabu vyenu," alisema. "Mwaka uliofuata niliisoma hii mwenyewe. Nikamsomea baba ile sentensi."

"Alisema nini?"

"Alisema alijua ipo. Alisema ulinyamaza muda wa mstari mmoja, na mwalimu husikia mwanafunzi akiruka mstari. Nikamuuliza kwa nini hakukuuliza. Akasema, nilimpa nafasi, nikasimama pale mpaka ramani ikaisha." Aliisogeza barua kwangu kwa kidole kimoja. "Mimi sina haja ya kuijua. Naijua. Nisomee kwa Kiswahili. Yote."

Nilivaa miwani. Nilisoma kwamba ombi limefikiriwa kwa makini. Nilisoma kwamba limekataliwa, na sababu yake. Nikafika pale. Nikasoma: "Mkutubi wa kambi, ambaye mwenyewe ndiye aliyeandaa orodha, alipoulizwa hakuweza kuthibitisha kwamba mwombaji siye mwandishi wa maandishi hayo." Sauti haikutetemeka, na hilo nalo limenisumbua tangu siku hiyo. Nilisoma kumtakia heri, nikasoma hata muhuri.

Alisikiliza hadi mwisho, kichwa kimeinama kidogo, kama alivyokuwa akisoma ukurasa wa mwisho wa kitabu kabla ya kuamua kama kinastahili. "Maneno mawili tu yalitosha," alisema. "Si yeye. Hata mlinzi wa geti angeyasema." Aliikunja barua mara nne, akairudisha kwenye kanga, akaniachia vitabu. Mlangoni alivaa ndala zake, akasema, "Kwa heri, mama."

Nimevipanga. Viko pamoja, kwenye rafu ya chini karibu na dirisha, vyote vinane, kinyume cha kanuni zote nilizofundisha kwa miaka yangu ya kazi. Kadi nimeirudisha ndani ya kile cha hesabu, kwa kuwa sijui mahali pake pengine. Jumamosi bado nakwenda Katonga. Meza ya Spesioza iko upande wa mizani, naye hunipimia sawasawa, na hunishukuru. Na jina lile likiitwa nyuma yangu, siku hizi nageuka. Anayeitika, kila mara, ni Bukuru mwingine.